Maneno ya Jana Jioni

Nyuma ya ukuta wetu jirani mpya ameloweka mihogo. Leo ni siku ya tatu na harufu imepanda, ile harufu chachu na nzito ambayo wageni huizibia pua na sisi Walunda tuliotoka upande wa Musumba huimezea mate. Mimi sizibi pua wala simezi mate. Harufu hiyo ikinifikia, kabla sijafikiri lolote, macho yangu huenda mlangoni kuona nani anakuja. Nina wajukuu sasa. Nyumba ni yangu na hakuna wa kunitoa. Bado ninaangalia mlango.

Mliokulia katika kambi za wachimbaji hapa Kolwezi, wakati wa Wabelgiji, mnajua kwa nini. Wengine niwaeleze. Zile nyumba za matofali zilizopangwa mistari zilikuwa za kampuni. Mfanyakazi aliandikiwa kwenye karte yake, kadi ya kazi, mke na watoto wake, na kwa idadi hiyo akapewa posho: unga wa mahindi, samaki wakavu, chumvi, mafuta ya mawese. Asiyeandikwa kwenye karte alikuwa mgeni, na mgeni alihitaji karatasi ya ruhusa kutoka ofisi ya shefu wa kambi, ambaye alikuwa mzungu. Karatasi ilikuwa na siku zake. Zikiisha, mgeni anapanda lori na kurudi alikotoka.

Baba yetu alikufa kwa kifua, na mama akamfuata kabla masika mawili hayajapita. Tulibaki watatu: mimi wa miaka kumi na minne, Kapend wa kumi na miwili, na Marta ambaye alikuwa hata hajang'oa jino la kwanza. Baba mdogo, aliyefanya kazi kwenye mgodi wa Mutoshi na hakuwa na mke, akatuandikisha kwenye karte yake kama watoto wake wa kuzaa. Kisha nkambo, yaani bibi yetu, mama yake, akaja kutoka kwao na kikapu kimoja na karatasi ya mwezi mmoja. Mwezi ukaisha. Hakuna aliyesema abaki, hakuna aliyesema aende. Asubuhi ya siku ile aliwasha moto kama kawaida, akamwosha Marta uso, na tukajua kwamba kuanzia saa ile tulikuwa tunavunja sheria.

Nilijua vizuri kitakachotokea akionekana. Nkambo angerudishwa. Marta angepelekwa kwa masista, kwa sababu mtoto mdogo hawezi kukaa katika nyumba isiyo na mwanamke. Baba mdogo angehamishiwa kwenye vyumba vya makapera, na mimi na Kapend tungetafutiwa pa kuwekwa. Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, niliwafundisha wadogo zangu kauli moja, nikawarudishia kila asubuhi kabla ya shule kama sala: kwetu hakuna nkambo.

Mwaka huo tukapata mwalimu mpya wa Kifaransa.

Aliitwa Mwalimu Mukendi, mtu wa Kasai, mwembamba, mwenye tai moja ya kahawia. Aliyekuwapo kabla yake alitufundisha kwa fimbo na kwa kuimba. Tuliimba kwamba kalamu iko juu ya meza mpaka wapita njia wakaimba pamoja nasi. Siku ya kwanza Mukendi aliweka kalamu juu ya meza, akauliza kwa Kifaransa iko wapi. Tukaimba.

"Nani hakuiona?" akauliza kwa Kiswahili cha kwetu.

Tukatazamana.

"Kama bote tunaiona, juu ya nini tunapiga makelele?" Akairudisha kalamu mfukoni. "Kesho kila mutu ataniletea maneno ya jana mangaribi. Kintu kimoja chenye kilisemwa kwenu, ata kidogo. Mutanisemea mu luga yenu, kisha tutatafuta Kifaransa chake pamoja. Na mutaniambia nani alikisema. Maneno yenye kukosa kinywa, mi sitaki."

Akatoa daftari kubwa lenye jalada jeusi, akachora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto angeandika maneno, kulia mwenye kuyasema.

Wenzangu walicheka kwa furaha. Mimi sikucheka. Ni nani anayehitaji kujua kilichosemwa nyumbani kwetu jioni, na aliyekisema? Nilimjua mmoja tu: polisi wa kambi, aliyepita mistarini na kijitabu chake kuhesabu vichwa. Nikaanza kumchunguza mwalimu huyu. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka ofisi ya shefu wa kambi. Alisoma gazeti la Kifaransa hadharani. Na hakupiga. Hilo ndilo lililonithibitishia. Mwalimu anayepiga unajua anachotaka. Asiyepiga anatafuta nini?

Nilimweleza baba mdogo, mtu wa maneno machache sana. Alitafuna, akameza, akasema, "Mukasai anaandika, muzungu anasoma." Akanawa mikono. Siku zile tulisema hivyo juu ya Wakasai, nao walikuwa na yao juu yetu, na kila upande ulisadiki.

Basi nikaamua kumpa Mukendi nyumba ambayo haikuwapo. Siku ya pili nilisimama nikasema, "Baba mudogo alisema, kazi ya leo ilikuwa nguvu, lakini chakula kilikuwa kitamu." Aliandika. Akaniangalia.

"Alimwambia nani?"

Sikuwa nimejiandaa. "Alimwambia... rafiki yake."

"Rafiki alijibu nini?"

Nilipokuwa bado nimesimama, mwalimu akaongeza, "Utaniletea kesho?"

Ndivyo ilivyoanza. Baba mdogo, ambaye kwa wiki nzima angeweza kusema "lete maji" na "funga mlango," katika Kifaransa akawa msemaji hodari. Alibishana na rafiki asiyekuwapo juu ya bei ya baiskeli. Alitabiri mvua. Alimshauri rafiki asioe binti wa Kisenge kwa sababu ya mama mkwe. Mukendi hakuniambia hata siku moja kwamba nimekosea. Alirudia tu maneno yangu kwa sauti ya chini, yakiwa yamenyooka, kana kwamba anahakikisha amesikia, kisha akauliza swali jingine. Na kila swali lake lilinidai ukuta mwingine wa nyumba ile ya uongo. Nikahitaji maneno ambayo wenzangu hawakuwa nayo: kama angalikuwa, isipokuwa, inaonekana kwamba, tangu hapo. Nikienda mezani kwake kumwomba neno, ananipa bila kuuliza la nini, nami narudi kitini nikijiambia kwamba hiyo ni mbinu yake.

"Baba mudogo yako iko redio," Mutombo, aliyeketi nami, alininong'oneza siku moja. "Nimekutana naye ku bomba ya maji, nilimusalimia, mbote, alinifungia tu macho."

"Anachoka."

"Kwa ile maneno yote, ata mi ningechoka."

Miezi ilipita hivyo. Kisha Kapend, ambaye alikuwa darasa la chini na kupata Kifaransa kwa Mukendi mara mbili kwa wiki, akarudi nyumbani siku moja akitembea kwa upande, kama kuku aliyeloa.

"Yaya," akasema, kama tunavyomwita ndugu mkubwa, "nilisahau."

"Ulisahau nini?"

"Nilisema ya nkambo. Ya chumvi."

Jioni iliyotangulia nkambo alikuwa ameonja mboga akasema kwamba chumvi ya kambi haina nguvu, imelimwa na wavivu. Tulicheka sote, hata baba mdogo. Kapend alikuwa ameipeleka darasani kama ilivyo, na darasa lote likacheka.

"Aliuliza nani alisema?"

"Aliuliza."

"Na wewe?"

Akaangalia chini. Sikumpiga. Nilikwenda nyuma ya nyumba alikokuwa nkambo akigeuza mihogo yake ndani ya beseni, nikamwambia kuanzia kesho asilale usingizi wa mchana, akae akisikiliza njia.

Siku tatu baadaye polisi wa kambi alianza mstari wetu, nyumba kwa nyumba. Nilimwona kutoka uwanja wa shule nikakimbia. Nilipofika nkambo hakuwapo. Nilimkuta jikoni kwa jirani, Mama Ntumba, mwanamke wa Kasai mwenye sauti ya kuitia ng'ambo ya mto. Mama Ntumba alikuwa ameketi chini, kichwa katikati ya magoti ya nkambo, nusu ya nywele imesukwa na nusu imesimama. Polisi alikuwa mlangoni.

"Huyu mama ni nani?"

"Tata polisi," Mama Ntumba akasema bila kuinua kichwa, "unaingia mu nyumba ya batu wakati mama mwenyewe iko na kichwa nusu? Ata bibi yako nyumbani unamuangaliaka hivi?"

"Mi nauliza tu."

"Uliza nikimaliza. Rudia mangaribi, nitakuwa muzuri, utauliza yote."

Polisi alicheka, akaandika kitu, akaenda. Mikono ya nkambo haikusimama hata mara moja. Nilitazama vidole vyake vikigawanya nywele za mwanamke huyo, na sikuwaza kwamba tumeokolewa na Mkasai. Niliwaza jambo moja tu: daftari lile limesomwa.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, Mukendi alipotoka kunawa mikono, niliingia darasani nikafungua daftari. Nilitafuta kwanza ukurasa wa darasa la Kapend. Ulikuwapo. Kushoto, kwa mwandiko wake wa kulala: chumvi ya kambi haina nguvu, imelimwa na wavivu. Kulia: nkambo wa Kapend.

Niliupasua ukurasa. Ulipasuka kwa sauti kubwa kuliko nilivyotarajia. Kisha, badala ya kukimbia, nikatafuta kurasa zangu, ili nijue ni mangapi anayo juu ya nyumba yetu. Zilikuwa nyingi. Mvua ilikuwapo, na baiskeli, na mama mkwe wa Kisenge. Lakini upande wa kulia, mahali ambapo kwa wengine paliandikwa baba, mama, dada, kwangu hapakuandikwa baba mdogo hata mara moja. Mstari kwa mstari, mwezi baada ya mwezi, aliandika jina langu. Yav. Yav. Yav.

"Umepata yenye ulikuwa unatafuta?"

Alikuwa mlangoni, mikono bado inadondosha maji. Niliukunja ukurasa wa Kapend ngumini.

"Ulijua ni uongo," nikasema.

"Siku ya kwanza. Mutu anatoka Mutoshi na vumbi mu masikio, anasema chakula kilikuwa kitamu?" Akaketi kwenye benchi la mbele, la wanafunzi, magoti yakimfika kifuani. "Keti."

Sikuketi.

"Mi nafundisha batoto ba miaka yako tangu zamani," akasema. "Bale badogo bananipa yote, ata yenye sikuomba. Lakini ukifika miaka kumi na tatu, kumi na ine, unabakia na bintu bibili: haya, na kintu cha kuficha. Mwalimu wenu wa zamani alipita ku haya. Unamupatisha mutoto haya mbele ya benzake, anakamata maneno, ndiyo, lakini kila siku akifungua kinywa mu ile luga anasikia fimbo. Mi nilikataa. Mi napita ku kile anaficha. Simuombe anionyeshe. Namupa tu maneno ya kukifunika. Angalia wewe. Nani hapa ndani anajua kusema kama angalikuwa?"

"Ata polisi anatafuta kile batu banaficha," nikasema.

Nilidhani atakasirika. Alifikiri.

"Ndiyo. Lakini polisi anataka kintu. Mi nataka maneno, kintu ubakie nacho."

"Na bakikuomba daftari?"

Alinyamaza muda mrefu kiasi kwamba nilisikia watoto wa nje wakihesabu mchezo wao wote. Angalisema haraka "siwezi kuwapa," pengine ningalimwamini. Angalisema "nitawapa," ningalijua la kufanya.

"Mi siko shujaa," akasema mwishowe. "Niko na batoto bane, nyumba ni ya kampuni sawa yenu. Ndiyo maana napenda uongo wako. Mwambie mudogo wako naye adanganye. Aniletee uongo muzuri." Akaelekeza kidole kwenye ngumi yangu. "Hiyo nayo utupe. Mi nilikosea kuiandika vile."

Nilikuwa nimekwisha kugeuka aliponiita.

"Yav. Kama kwenu kuko mutu asiye na karatasi, kuko barua. Shefu wa kambi anasomaka barua. Mukubwa mumoja ku mustari wa juu, mama yake alipewa ruhusa mwaka muzima, juu ya batoto yatima. Kifaransa chako kinatosha. Andika, mi nitaangalia tu makosa. Utaandika jina lake, na namba ya nyumba, na juu ya nini munamuhitaji."

Niliisikiliza sentensi hiyo ya mwisho kama mtu anayesikiliza mlango ukifunguliwa na ufunguo asioujua. Jina lake. Namba ya nyumba. Sababu ya kumhitaji. Kwa miezi yote sikumpa chochote cha kweli, na sasa alikuwa akiniomba kwa upole yote matatu kwa mara moja, kwa mwandiko wangu mwenyewe, yapitie mkononi mwake hadi ofisi iliyo nyumba tatu kutoka kwake.

"Kwetu hakuna nkambo," nikamwambia.

"Sikusema nkambo," akasema taratibu.

Nikatoka. Ukurasa niliutupa chooni.

Barua sikuiandika. Niliianza mara nyingi kichwani, na Kifaransa kilikuja chenyewe, kizuri, na kila mara nilisimama nilipofika kwenye jina. Sikumwambia baba mdogo kwamba njia hiyo ipo, kwa sababu angeniuliza mimi ninaonaje. Badala yake niliongeza ulinzi. Nilimkataza nkambo kutoka mchana. Nilimkataza kuloweka mihogo, kwa kuwa harufu ingetoa siri. Kapend nilimwambia ajifanye kiziwi kila siku ya Kifaransa. Polisi alipopita tena, nkambo alikwenda tena jikoni kwa Mama Ntumba, na safari ya tatu hapakuwa na nywele za kusuka, akakaa nyuma ya magunia kwa saa nyingi, mwanamke aliyezika mume na watoto wanne, akipumua vumbi la makaa.

Jioni ya siku hiyo alitoka na majivu kwenye nyusi, akaniangalia, akasema kwa Kilunda kwamba mtu mzima hawezi kuzeeka ndani ya gunia. Wiki hiyo hiyo akapata nafasi kwenye lori la mfanyabiashara aliyekuwa akielekea Kapanga, upande wa kwao.

Nilimsindikiza hadi kizuizi cha kambi nikibeba kikapu. Baba mdogo alikuwa kazini, Marta nilimwacha akilia kwa Mama Ntumba. Nilitembea hatua kumi mbele ya nkambo, ili tusionekane pamoja. Lori lilisimama kizuizini na polisi yule yule akatoka kivulini. Nkambo alikuwa amekwisha kupandishwa juu ya magunia. Polisi alikitazama kikapu mkononi mwangu, akamtazama yeye.

"Nkambo yenu anaenda?" akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua. "Na kale kadogo, nani atakaangalia?"

Alijua. Kwa namna alivyosema "kale kadogo" nilipaswa kuelewa kwamba alikuwa akijua tangu zamani, na kwamba kijitabu chake kilikuwa na mistari mingi ambayo hakuijaza. Nililielewa hilo nikiwa na miaka thelathini. Siku ile niliona mtego tu, wa mwisho na mzuri kuliko yote, na nkambo akiwa juu ya lori ambalo lingeondoka dakika yoyote, hakuna tena cha kulinda, nilisema:

"Mi simujue huyu mama. Kikapu ni chake, alinipa nimubebee."

Polisi aliinua macho kwake. Nkambo alikuwa amesikia. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, alikipata kwa Mama Ntumba, na alikipanga polepole.

"Ni kweli, tata," akasema. "Huyu mutoto haiko wa kwetu. Amenisaidia tu njiani. Ni mutoto muzuri."

Polisi akachukua kikapu mkononi mwangu, akampa.

Jumatatu sikwenda shule, kwa kuwa Marta hakuwa na wa kumshika. Masista hawakuja kumchukua wiki hiyo, wala nyingine. Kapend aliendelea, nilihakikisha anaendelea, na baadaye akawa mwalimu wa Kifaransa mwenyewe. Huwaambia vijana wake wamletee uongo mzuri. Mwalimu Mukendi aliniulizia kwake mara mbili, kisha akaacha. Nkambo alifariki kwao kabla sijapata ruhusa ya kusafiri. Waliokuwapo wanasema alipoulizwa habari za wajukuu wake wa Kolwezi alizieleza zote, jina kwa jina, akianza na mkubwa.